Wale Kumi na Wanne Sikuwauliza

Beni, Mulekera
Jumapili, tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa yaya Josaphat, kaka yetu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Afya yako inaendeleaje? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umekuachia, au bado unainama juu ya injini za watu wa Kampala kama mzee wa miaka themanini? Rébecca hajambo? Na binti yenu Shekinah, jino lake la mbele limeota? Sisi tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mama nilimwona Alhamisi huko Butembo. Anakula, anatembea, anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue hana ugonjwa.

Nakuandikia kwa kalamu, usishangae. Sauti za WhatsApp nazijua mimi: nikikutumia wewe saa nne, saa sita imeshafika Oicha. Barua hii anakuletea Mama Léa mkononi, yule anayefuata vitenge Kampala, na bahasha nimeifunga kwa gundi. Isome peke yako kwanza.

Habari yenyewe ni ya Kaswera, mdogo wetu, halafu ni yangu. Yangu ndiyo mbaya zaidi.

Unajua Kaswera anauza esansi ya pikipiki, petroli mnavyoiita huko, katika chupa pale parkingi wanapongojea abiria. Tangu mumewe afariki, meza ile ndiyo inayolisha watoto wake wanne, na nyumba yao iko hatua kumi tu nyuma ya zile chupa. Wenye pikipiki wa parkingi hiyo ni kumi na wanane. Hesabu yao siipati kwa kukisia, maana mimi ndiye niliyewashonea zile jile za njano, vile vizibao vyenye namba mgongoni, moja mpaka kumi na nane.

Mwezi wa tano ulipokuwa unaisha, pikipiki nne ziliharibika injini ndani ya siku kumi. Ya nne ilikuwa ya Malachie, kiongozi wao. Ilimfia kati ya Mavivi na Oicha, saa tisa mchana, akiwa na abiria, kwenye kile kipande ambacho hakuna mtu anayesimama kwa hofu ya waasi. Waliisukuma wote wawili, macho kwenye mashamba ya kakao, mpaka wakafika kwa wanajeshi. Malachie aliporudi hakuwa na hasira ya injini. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa sana, na hiyo haina mahali pa kwenda isipokuwa kwa mwenzake.

Asubuhi iliyofuata waliizunguka meza ya Kaswera. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu ng'ambo ya barabara. Niliacha nguo ya watu chini ya sindano nikakimbia. Nilipofika, mmoja wao alikuwa ameshatoa kiberiti, na mbele yake kuna chupa arobaini za esansi.

"Pikipiki zote ine zilikunywa esansi ya huyu mama," Malachie alikuwa anapaza sauti. "Munataka tena preuve, ushahidi gani?"

Yaya, namna walivyokuwa wanafikiri siku ile, ungecheka kama asingekuwa mdogo wetu. Kaswera alilia, wakasema analia kwa sababu anajua alichofanya. Akanyamaza, wakasema si mnaona, hana jibu. Bei yake iko chini kidogo kuliko ya kile kituo cha esansi chenye vioo, basi ni lazima anachanganya maji. Baba mmoja akashauri waijaribu. Wakamwaga kikombe kimoja mbali kidogo, chini, wakawasha. Ikawaka vizuri kabisa, nami nikapumua. Unajua walisema nini? "Inawaka mingi, donc kuko kitu alitia mu ndani!" Isingewaka, ni maji. Ikiwaka, ni dawa. Nikaona kwamba hakuna jambo lolote ambalo Kaswera angeweza kulifanya pale likamwokoa.

Hapo ndipo nilipopanda juu ya kreti la chupa. Unanijua, wewe ndiye uliyenipa jina la avoka, wakili, tangu nikiwa na miaka tisa. Nikasema: anayenunua kwa Kaswera ainue mkono. Wakainua wote kumi na wanane. Nikasema: sasa yule ambaye pikipiki yake inatembea auache mkono juu. Ikabaki mikono kumi na minne. Nikawauliza, na hawa walikunywa nini, maziwa? Wote mnanunua hapa, basi yeyote atakayeharibikiwa, hata akitobokewa tairi, mtakuta alinunua hapa! Watu wakacheka. Kiberiti kikarudi mfukoni, nilikiona kwa macho yangu. Kama ningeshuka dakika ile ile, leo ningekuwa nakuandikia barua ya furaha.

Lakini Malachie aliniangalia akauliza, "Alors, ni nani?"

Na mimi sikuweza kusema sijui. Mdogo wetu alikuwa nyuma yangu, nikahisi kwamba nikisema sijui, kile kiberiti kitatoka tena. Hiyo ndiyo sababu ninayoitaja mbele za watu. Wewe nikuambie na ile nyingine: kulikuwa na utamu. Watu wote wale walikuwa wananisikiliza mimi, na mdomo wangu ulikuwa umeshashika kasi. Nikawageukia wale wanne nikawauliza wanaoshea wapi pikipiki zao. Wakajibu mmoja mmoja, wote wanne: kwa Élysée. Nikasema, haya, mmesikia wenyewe.

Élysée humjui. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyekimbia kutoka upande wa Mangina pamoja na mkewe Bénite na watoto. Alijitafutia pampu ndogo ya maji, akawa anaosha pikipiki kule chini kwenye kijito. Sikusema afanywe kitu. Sikusema hata kwamba maji yake yameingia kwenye injini. Nilisema tu mmesikia wenyewe, na wao wakamalizia. Waliteremka wote. Pampu waliiponda kwa mawe. Yeye walimpiga kichwani upande wa kushoto mpaka akaanguka majini, na kama wanajeshi wasingekuwa wanapita, nisingekuwa naandika habari ya mtu aliye hai. Kesho yake familia nzima ilihamia Butembo.

Na mimi je? Wiki nzima nilitembea nimevimba kichwa. Niliposikia alipigwa nilisikitika, ndiyo, lakini nilijiambia kwamba angalau aliyepigwa ndiye mwenye kosa. Akina mama wa sokoni walinisimamisha wanisifu. Kaswera aliniletea kuku mzima, nami nikamla.

Jumatatu iliyopita Urbain, namba kumi na moja, alikuja nimshonee mfuko wa jile uliochanika. Ni mmoja wa wale ambao pikipiki zao hazijaharibika. Yake ilikuwa inang'aa pale mlangoni, basi nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, siku hizi anaoshea wapi.

"Mie mwenyewe, mu kijito," akasema. "Mbele ilikuwa kwa Élysée. Siye bote tulikuwa tunaoshaka kwa Élysée, mama. Kwengine ni wapi?"

Nilijichoma sindano ya cherehani kidoleni, bado kimevimba hata sasa ninapoandika. Wote, yaya. Kumi na wanane. Wale kumi na wanne sikuwauliza. Swali lile lile nililomwokolea Kaswera, nilikuwa nalo mdomoni bado moto, nikalimeza mara tu lilipotakiwa kumwokoa mtu mwingine. Niliwaonyesha watu kosa lao, kisha nikalifanya mimi mbele yao, hata kabla sijashuka kwenye kreti. Wao walikuwa na hofu ya kulala njaa. Mimi nilikuwa na nini?

Siku mbili baadaye, Jumatano, pikipiki ya tano ikafa. Élysée alikuwa ameshaondoka siku kumi na moja. Ungefikiri watasema, kumbe hakuwa yeye, tumempiga mtu bure. Hapana! Wanasema aliwafanyia kitu kabla ya kwenda. Nimemsikia kwa masikio yangu mtu mzima, baba wa watoto, akieleza kwamba kule kuondoka kwake haraka ndiko kunakomshitaki. Wamevunja kichwa cha mtu, halafu wanashangaa kwa nini hakukaa.

Alhamisi nilipanda gari kwenda Butembo. Watu walidhani naenda kumsalimia mama tu. Niliwakuta katika chumba kimoja nyuma ya soko, kwa shangazi yake Bénite. Bénite alinipa kiti, kimoja hicho walicho nacho, yeye akakaa juu ya ndoo. Élysée alikuwa amelala nyuma ya pazia. Sikio la kushoto halisikii tena, na akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha. Bénite alinimiminia chai akasema, "Weye ni mutu wa kwanza wa Beni kuya kutuona, mama. Mungu akubariki."

Hajui. Hajui kwamba jina lao lilitoka kinywani mwangu. Maneno ya kumwambia niliyapanga njia nzima, na mbele ya ile chai nikayakosa. Nilimwachia unga na sabuni nikatoka. Nilipofika kwa mama nilisema kichwa kinaniuma, nikalala na viatu. Nimeona aibu maishani, lakini ya namna hii sijawahi.

Usiniulize ni nini kinachoua injini hizo. Sijui, na safari hii naweza kulisema neno hilo. Wazo moja ninalo, lakini niliowauliza ni wale watano tu, kwa hiyo halitatoka nje ya kichwa changu. Grady, fundi wa karibu na parkingi, amekubali kuifungua ile injini ya tano mbele ya watu wote, na pembeni yake afungue moja ya wale ambao hawajaharibikiwa, zitazamwe pamoja. Urbain amekubali kutoa yake, Mungu ampe maisha. Wewe ni mtu wa injini. Niandikie upesi tutafute nini mle ndani. Niandikie pia ni kitu gani watu wakikiona watapiga kelele kwamba ndicho, na kumbe kimo katika kila injini iliyotembea barabara zetu. Hilo la pili ndilo ninalolihitaji zaidi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza lazima nisimame pale parkingi niseme kwamba nilikosea, kwamba sina lolote juu ya Élysée na sikuwahi kuwa nalo. Na hapo ndipo ninapoogopa. Nikimtoa Élysée, nafasi yake inabaki wazi, na meza iliyo karibu ni ya Kaswera. Pikipiki ya tano nayo ilikunywa kwake. Nikiwakumbusha tena ile mikono iliyobaki juu, watasema huyu si ndiye aliyetupeleka kijitoni? Nitakuwa namsafisha mume wa Bénite kwa ngozi ya mdogo wangu mwenyewe. Nimeligeuza jambo hili kila upande, yaya, na sijaona upande usiouma.

Nilimwambia Kaswera jana mchana, wakati hakuna wateja. Nilimwambia yote, hata ile ya utamu. Nilidhani atapiga kelele, na ingekuwa haki yake. Alibaki anapangusa chupa moja ile ile. Nikamsihi afunge meza wiki moja, awapeleke watoto kwa mama. Akakataa: akifunga, watasema amekimbia kwa sababu ana kosa. Na kweli, ndivyo watakavyosema. Kisha akaiweka ile chupa mahali pake.

"Siwezi kukukataza," akasema. "Mais usiniambiye ni siku gani, dada."

Basi nisalimie Rébecca kwa moyo wote, na umwambie kitenge alichoniletea mwaka jana bado kinasifiwa kanisani. Mbusu Shekinah kwa ajili ya shangazi yake. Baba mdogo Mathe akipita huko kwa biashara zake, mwambie tunamkumbuka. Mama anasema uvae sweta asubuhi, na amenikataza kabisa kusahau kuliandika hilo.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na Mama Maria awafunike. Tuombee nasi, na unapoomba taja majina: Kaswera, Élysée, Bénite.

Siku yenyewe nakuambia wewe, kwa sababu siwezi kuibeba peke yangu. Ni kesho, Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla wenye pikipiki hawajatawanyika. Saa hiyo Kaswera huwa anapanga chupa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kila siku,

Kavugho