Sababu ya Baba Kulala Kitini

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, wazee wapo, na cherehani yangu bado inanilisha. Najua ukiona neno wazee unakunja uso. Ulimwambia Baba mbele ya watu kwamba amemsusa Mama, analala kitini sebuleni kama mpangaji, na kwamba hukanyagi tena kwake. Mimi siwezi kukuburuta. Ila soma mpaka mwisho, nakuomba.

Nianze na mimi mwenyewe, maana nilikuwa naumwa. Kila nikila mchana na kuinamia kazi, moto ulinipanda kifuani hadi kooni, mdomo ukajaa maji machungu. Nikajiaminisha kuwa ni moyo. Unanijua nilivyo mwoga kama kunguru: nikanyamaza, nikawa nakunywa maji ya ndimu kwa ushauri wa wateja, nikazidi kuungua. Mwishowe shoga yangu ninayeshona naye alinivuta hadi zahanati, huku akinikumbusha njia nzima kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Daktari, mama mmoja mcheshi, alinipima moyo akasema hauna neno. Kilichonisumbua ni kiungulia: asidi ya tumboni inapanda isikotakiwa. Alinipa dawa za muda, kisha akaanza kuniharibia raha zangu. Nile kidogo kidogo, nisishibe hadi kuhema. Pilipili, vya kukaanga, vichachu na kahawa nivipunguze nione kipi kinanichokoza. Nisiiname wala kulala nikitoka kula, chakula cha jioni kiwe mapema. Hata kitanda nikiinue upande wa kichwani, nitie matofali chini ya miguu yake, kwani kurundika mito kunakunja tumbo tu. Nilimuuliza kwa utani, wasiojua habari za matofali wanalalaje? Akacheka, akasema wengi huishia kulala wamekaa kitini.

Kaka, nilitoka pale bila hata kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa kwa jirani, nikambana Baba. Kwanza alikana, akataka kujua nani kamtuma daktari wangu kumchunguza. Halafu akatazama mlango, akaniambia. Walipooana tu, alisema siku moja kwamba mchuzi umemchoma kifua. Bibi, mama yake, alilidaka neno hilo, akalitembeza kwa ukoo mzima kuwa bibi harusi hajui kupika. Mama alilia, nusura afungashe virago. Baba akajiapia kwamba kinywa chake hakitalalamikia tena chungu cha mkewe. Basi alikula kila alichopakuliwa, akamaliza, akaenda kuungulia kitini.

Mama naye, akiona mume hataki kitanda lakini sahani anairamba, aliamini kilichobaki kumshika ni chakula tu. Akaongeza pilipili. Kaka, mama yetu alikuwa akimrudisha mumewe chumbani kwa pilipili! Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli.

Mama alipopata habari hakutoa chozi. Alikasirika, akagonganisha masufuria, akasema miaka yote hiyo alidhani ananuka. Alidhani yeye ndiye mwenye kasoro, akawa anaoga na kujifukiza kwa ajili ya mtu aliyekuwa anaumwa tumbo. Alimuuliza Baba nani alimtuma kuwa shujaa wa sahani. Baba akaomba radhi. Sasa tunakula mapema, chakula laini, pilipili anajitilia anayeitaka. Kitanda chao tumekiinua, na Baba analala humo. Juzi alithubutu kusema maharage hayana chumvi, na Mama akafurahi kama aliyeposwa upya.

Sasa nikuambie katazo ninalolivunja kwa kalamu hii. Baba amenikataza kukuandikia. Nilimuuliza kwa nini alikuacha umtukane hadharani wakati sentensi moja ingemtetea. Akasema sentensi hiyo ingemshtaki Mama mbele ya wanawe. Akasema pia kwamba mtoto aliyesimama kumtetea mama yake hajakosa, na hataki utembee na aibu kwa jambo jema ulilolifanya. Ni afadhali, alisema, umkasirikie yeye kuliko ujikasirikie mwenyewe.

Nimeshindwa kutii. Baba amezeeka, Kaka. Kila hatua za mwanamume zikisikika nje anainua kichwa, halafu anajifanya alikuwa anatazama saa.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja, shangazi yao anawashonea nguo. Ukija usimwombe Baba msamaha, maana atajua nimekuandikia. Mwambie umepita tu, una njaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi