Ulinianzishia Sehemu ya Sita

Shabani ndugu yangu,

Leo Jumapili, duka la zipu na vifungo ninakouza limefungwa, na mimi nimekaa uani kwa mama, Magomeni, na daftari mapajani. Najua ungecheka. Ungesema, dada Mwana, hiyo nayo tamthilia ya wapi, mtu anamwandikia aliyekwisha kuzikwa. Cheka tu. Nina jambo ambalo nimeshamwambia mama yako, nimeandikisha polisi, nimelisema mahakamani mbele ya jaji. Wewe ndiye hujalisikia kutoka kinywani mwangu.

Kwanza nikupe habari za mtaani. Kibanda chako cha tamthilia pale Kariakoo kimepata mtu mwingine, anauza makava ya simu. Ukuta ule uliokuwa umeubandika picha za waigizaji ameupaka rangi nyeupe. Wateja wako walikuja kwa muda mrefu na flashi zao mkononi, wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Mmoja aliniuliza kwa upole kama najua alipohamia yule kaka. Nilimwambia sijui. Nilishindwa.

Unakumbuka siku niliyoingia kwako mara ya kwanza? Mvua ilinikuta nikitoka kununua uzi wa dukani, nikajibanza kwenye kibanda chako. Ukanikaribisha kiti. Ukaniuliza napenda tamthilia gani, nikakujibu kwa dharau kwamba tamthilia ni za watu wasio na kazi. Hukukasirika. Ulifungua kompyuta, ukatafuta, ukaniwekea ile ya Kituruki, na nilipoona imeandikwa sehemu ya sita nikakwambia umekosea, mtu anaanza na ya kwanza.

Ukasema, "Ya kwanza ni ya kujuana majina tu, dada. Watu wananaswa huku mbele."

Nikatazama ili mvua iishe. Kulikuwa na nyumba kubwa, wageni mezani, na mwanamke anapita na sinia la wali. Uso wake umepakwa poda nzito. Mume anacheka na wageni. Yule mwanamke akaweka sinia, akachukua kitambaa cha mezani, akakilowesha kwenye bilauri ya maji, akaanza kujifuta uso. Taratibu. Poda ikatoka, jicho likaonekana, limevimba, jeusi. Mama mkwe akainamia sahani yake. Na hapo hapo ikaisha.

Nikakuuliza, "Halafu?"

Ukasema, "Halafu ni sehemu ya saba."

Shabani, siku ile mimi nilikuwa na poda. Mume wangu alikuwa amenipiga kwa mkanda asubuhi, upande mmoja wa uso, kwa sababu ya chai iliyopoa. Miaka tisa alikuwa akinipiga na miaka tisa nilikuwa nikinunua poda. Nilirudi kwako kesho yake nikachukua ya saba, na ya nane, na kabla sijaimaliza sizoni, ule msimu wote, nilikuwa nimeshahamia kwa mama na virago vyangu. Alinifuata. Alivunja mlango wa mama kwa teke, akanivuta nywele mpaka barazani, na safari ile nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Majirani walimtoa. Hakurudi tena. Baadaye sana nikakuuliza kama ulinichagulia sehemu ile kwa makusudi. Ulikuwa unachomeka waya, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Niliiona poda."

Ndivyo ulivyokuwa. Ulimtazama mtu kwanza, ndipo ukamtafutia. Mzee Nassoro wa duka la ubani na udi, aliyekuwa hasikilizi kitu ila taarifa ya habari, ulimnasa kwa ile ya Kihindi, sehemu ambayo baba na mwana wanachomana visu ndani ya duka la familia. Uliikatisha makusudi wakati kisu kimeingia. Mzee akaenda kuswali Adhuhuri, akarudi mbio na kanzu yake, hajakaa akauliza, "Yule mtoto amekufa?" Tulicheka mpaka machozi, naye akanuna, na jioni akachukua sizoni nzima.

Na Kassimu, muuza mikoba wa ng'ambo ya barabara. Yeye ulimpa ile ya jela, sehemu ya nne, fundi cherehani anapigwa na selo nzima kwa mkate ulioibwa na mtu mwingine. Wanampiga kwa vyuma vya kitanda. Damu inaruka ukutani. Kassimu aliitazama amesimama, akaipiga meza yako kwa ngumi, akasema hawa si watu, wangemuuliza kwanza. Nilikuwepo. Nilimwona macho yamejaa maji. Ndiyo maana mpaka leo akili yangu inagoma kuyaunganisha hayo na yaliyofuata.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka sana.

Jumamosi ile nilipita kwako saa sita mchana kuchukua sehemu ya kumi na mbili. Niliweka simu juu ya meza, tukaongea huku tamthilia inahamia kwenye flashi, ukaniambia nijitayarishe maana mtu ninayempenda atakufa. Nikachukua flashi, nikatoka. Simu nikaiacha. Nilipofika Mtaa wa Msimbazi watu wamejaa, mabegani magunia, na mtu mmoja akanipamia kwa nguvu. Nikaingiza mkono kwenye mkoba. Hamna simu.

Nikapiga kelele. Mimi, Shabani. Mimi Mwanaidi. Nilisema, "Simu yangu! Nimeibiwa!"

Na wewe ulikuwa unakuja nyuma yangu mbio, simu mkononi, ile yenye kava jekundu la maua, unaniita. Nimesikia baadaye kutoka kwa watu kwamba ulikuwa unaniita. Mimi sikukusikia, kwa sababu kelele zilikuwa zangu. Watu waliona mwanamume anakimbia na simu ya kike. Mtu akakupiga ngwala. Mwingine akasema lile neno, mwizi, na likisemwa Kariakoo halihitaji kusemwa mara ya pili.

Niligeuka nikaona migongo. Migongo ya watu na mikono inayopanda na kushuka. Nikasikia sauti, kama mtu anayepiga godoro kutoa vumbi, halafu ikabadilika, ikawa sauti ya kitu kigumu. Na mimi, nisikufiche, moyo wangu ulitulia. Nilisema kimoyomoyo, wamempata. Nilisema, mpigeni akome. Nilisimama pale nikatengeneza mtandio wangu, Shabani, na wewe uko chini.

Halafu nikajipenyeza ili nichukue simu yangu. Nikaliona shati lako. Lile la mistari ya kijani. Kichwa chako kilikuwa kimefunguka upande wa sikio. Mkono mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mtu mmoja mwenye viatu vya ngozi alikuwa anakukanyaga mbavu, anaruka, anakanyaga tena. Na Kassimu alikuwa ameshika nondo ya chuma. Nilimwona anaiinua kwa mikono miwili. Ulikuwa umelala chali, uso wako juu, jua la saa sita. Alikutazama. Akashusha.

Nilisema siye, siye, siyo yeye. Sijui kama sauti ilitoka. Mtu alinisukuma akaniambia mama kaa pembeni usichafuke.

Aliyewasimamisha ni Mzee Nassoro. Alitoka dukani bila viatu, akapita katikati yao, akajilaza juu yako. Alipigwa mateke mawili ya mgongo kabla hawajamtambua. Walipoona ni mzee mwenye kanzu, na kanzu imelowa damu, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Ndani ya dakika moja barabara ikawa na wanunuzi tu. Mtu mmoja, kijana mwenye adabu zake, akaniokotea simu, akaifuta kwenye suruali yake, akanipa kwa mikono miwili.

Akasema, "Chukua simu yako, mama. Tumekusaidia."

Tulikupakia kwenye bajaji. Mzee Nassoro alishika kichwa, mimi nilishika miguu. Ulikuwa unapumua kwa mlio, kama mtu anayekoroma. Nilikuita jina njia nzima. Hukuniona. Kwenye mapokezi ya hospitali mlio ule ukakoma, na nesi akamwambia Mzee avute shuka akufunike.

Polisi waliniandika maelezo siku ile ile. Wakauliza ni nani aliyepiga kelele za mwizi. Nikasema nilisikia watu tu. Wakauliza kama namfahamu yeyote aliyepiga. Nikasema walikuwa wengi. Nikatia sahihi. Kwenye mazishi nilikaa na wanawake, nikamshika mama yako mkono, na yeye akaniambia, mwanangu, Mungu akulipe, ulikuwa naye mpaka mwisho. Nilimwacha aseme hivyo. Kwenye khitima nilipika biriani, na nilimwacha aseme hivyo tena. Na Kassimu alikuja kwenye khitima. Alikaa kwenye mkeka, akala, akasema ulikuwa mtu mwema.

Kumwona akila ndiko kulikonishinda.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yako peke yangu. Bi Tatu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitika, nikapiga magoti hapo hapo sakafuni nikamwambia yote. Simu, kelele, mtandio niliotengeneza. Sikuruka hata neno. Aliendelea kuchambua mchele muda mrefu sana, Shabani. Anatoa chuya, anatupa. Nilidhani hakusikia.

Akauliza, "Ulimpiga?"

Nikasema sikumpiga.

"Waliompiga unawajua?"

Nikasema mmoja namjua.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Basi nenda ukamtaje. Ukimaliza kumtaja ndipo uje uniombe hiyo radhi. Leo sina."

Nilikwenda. Nilibadilisha maelezo, afisa akanitisha kwamba na mimi naweza kushtakiwa kwa uongo wa mwanzo, nikamwambia aandike tu. Kassimu wakamkamata kwenye meza yake ya mikoba. Wiki ile ile mtu alimwaga petroli mlangoni kwa mama, akaacha na kiberiti juu yake, hakijawashwa. Mkewe Kassimu alikuja dukani na mtoto mgongoni, akalala sakafuni mbele ya wateja, akanishika miguu. Nililia naye. Sikufuta maelezo. Mwenye duka, Mhindi yule mkimya, alimwinua akampa maji, kisha akaniuliza kama nataka kuhamia stoo kwa muda nisionekane na watu. Nikakataa. Nilikaa mbele, kwenye zipu zangu.

Mahakamani wakili wake alisimama akaniuliza mbele ya watu wote, shahidi, ni nani aliyepiga kelele za wizi siku ile? Alidhani nitababaika. Nikasema ni mimi. Nikasema, nilipiga kelele kwa simu niliyoisahau mwenyewe, na marehemu alikuwa ananiletea. Nikasema, mimi nilipiga kelele na yule pale alipiga nondo, na alikuwa anamtazama usoni. Kassimu aliinama. Aliposimamishwa kujitetea alisema hakujua kama ni wewe. Kisha akasema alijua, lakini nondo ilikuwa imeshapanda. Hayo aliyasema mwenyewe.

Wamemtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Amefungwa miaka mingi. Yule mwenye viatu vya ngozi hakupatikana, wala aliyekupiga ngwala, wala wale wengine. Wapo. Nawauzia vifungo, huenda. Mzee Nassoro hatembei vizuri tena, mgongo, anafungua duka saa nne badala ya saa mbili.

Mama yako alinisubiri nje ya mahakama. Hakunikumbatia. Alinishika kiwiko tukavuka barabara pamoja, na tulipofika ng'ambo akasema, "Sasa omba." Nikaomba, pale pale kwenye vumbi, watu wanapita. Akasema amenisamehe, ila nisiende kwake siku za Jumamosi. Ninakwenda Alhamisi.

Tamthilia sitazami tena. Nilijaribu mara moja, kwa jirani, walikuwa wanaonyesha mtu anapigwa. Ile sauti waliyoiweka si yenyewe. Nilitoka nje nikatapika.

Na hili la mwisho. Mwezi uliopita, mchana, karibu na soko la shimoni, nililisikia lile neno. Nikaona migongo. Chini kulikuwa na baba wa makamo, wanasema amechomoa shati kwenye robota la mitumba. Miguu yangu ilikataa, Shabani, nakwambia ukweli. Ilikataa mpaka nikaipiga kofi kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikaingia. Nilipigwa ubao begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika, nikaanguka juu yake, nikamkumbatia kichwa, na sikumwachia. Alikuwa ananuka jasho na damu, anatetemeka mwili mzima. Yuko hai. Sijui kama aliiba kweli. Sikumuuliza.

Bega linapona. Naandika kwa mkono mwingine, ndiyo maana herufi zimelala.

Kwako siombi radhi kwa barua. Nitakuja kuiomba mwenyewe, zamu yangu ikifika. Kabla ya hapo nakuahidi jambo moja tu: kokote nitakapolisikia lile neno, nikiwa na miguu, nitaingia.

Lala salama, ndugu yangu.

Dada yako,
Mwanaidi