Sweta Chini ya Gamba

Jumatatu, 2 Juni 2025
Tumerudi Njombe kutoka kliniki ya Makambako. Gamba la plastiki la kushika mgongo wa mwanangu tayari! Brightness kalipa jina hilo mwenyewe — eti sasa yeye ni kobe. Ana miaka tisa, alizaliwa na mgongo wazi, na mgongo unazidi kupinda. Picha ya eksirei imesoma mpindo wa nyuzi thelathini na nane. Bashiru, fundi wa vifaa, kasema gamba haliunyooshi mgongo, linauzuia tu usizidi kupinda. Ukifika hamsini ni operesheni, Dar. Ndani avae fulana nyepesi. Sweta juu.
Nimeandika yote. Mimi si mtu wa kusahau.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani kakaa wima ibada nzima, kitabu cha nyimbo kakishika kwa mikono miwili. Zamani mkono mmoja ulikuwa wa kujishikiza kwenye benchi. Nimelia kidogo. Mama mkwe kamletea sweta alilofuma mwenyewe. Nikamwonya asije akamvalisha ndani. Kajibu kwamba yeye si kiziwi.

Ijumaa, 13 Juni
Umande umeganda kwenye nyasi. Gamba lina baridi, mtoto anatetemeka. Nimemvalisha sweta ndani — leo tu. Mikanda haikufika, nimelegeza matundu mawili.

Jumatano, 18 Juni
Bado baridi. Bado sweta.

Jumapili, 22 Juni
Kidonda! Nyongani, ukubwa wa kifungo, pale mshono wa sweta ulipobanwa. Hakulalamika hata mara moja, sehemu ile hasikii kitu. Tuliambiwa tukague ngozi kila jioni. Nilikagua juu juu, maji yalikuwa yanapoa. Najichukia. Bashiru kwenye simu: avue gamba, tuje Alhamisi.

Alhamisi, 26 Juni — Makambako
Naandikia kwenye benchi la kliniki. Mama mkwe kaja nasi, tunapokezana kumbeba. Picha imepigwa, majibu bado. Nesi kasafisha kidonda. Wiki tatu bila gamba, labda zaidi, na mgongo hautusubiri.
Bashiru kauliza, kwa upole tu, nani alimvalisha sweta ndani. Nikawa nafungua mdomo. Mama akaniwahi: ni yeye, bibi, aliogopa baridi. Bashiru akamweleza upya, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Mama akaitikia, ndiyo baba, ndiyo baba. Mimi nikatoa daftari hili.
Brightness ananitazama. Mkono mmoja kaushikiza kwenye benchi. Wanaita jina lake, majibu ya picha —