Shingo Isiyoinama

Shija na Mayige,

Nimeenda kliniki na bibi yenu. Uji uko kwenye chupa. Maji tekeni nyie. Daktari aliyenipasua shingo amenikataza ndoo kichwani mpaka miezi mitatu iishe.

Bibi alifika asubuhi kutoka Ipililo. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, ila kichwa hakikuinama, kola ngumu ya hospitali ya kushikilia shingo imekibana. Akasema hospitali imenirudisha na kiburi, namtazama mama mkwe usoni kama rika langu.

~~Mwombeni msamaha kwa niaba yangu.~~ Hapana, tumeshamalizana. Nilishusha kola kidogo, nikamwonyesha mshono. Halafu akapiga magoti mbele yangu, macho kwa macho, ndipo akaitikia salamu.

Akirudi anachechemea kwa kule kupiga magoti, msimuulize. Mpeni kiti changu chenye mto.

Mama yenu