Nilimtafuta Baba Kwenye Majina ya Waliofilisika

Alhamisi. Asubuhi mvua, mchana jua kali, sasa mawingu tena. Mikono yangu ina baridi tangu nilipotoka mjini, na nimeshakunywa chai ya tangawizi mara mbili bila faida.

Mnaonisoma mmezoea habari za mishono: namna ya kukata kola, au kwa nini kitenge cha bei rahisi kinachuja rangi. Leo sina mshono. Leo naogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu. Blogu hii haina jina langu wala picha yangu, na kwetu hakuna anayeisoma, kwa hiyo nitasema yote isipokuwa majina ya watu.

Niko Mbagala, nyumbani kwetu, na Mama. Baba tulimzika mwezi uliopita. Mama yuko eda, hatatoka nje mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, nami nimehamishia cherehani yangu hapa ili nimshughulikie. Watoto tuko wawili tu, Kaka na mimi. Kaka anakaa Tegeta, ana duka la saruji na mabati. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu mpaka leo asubuhi.

Siku ya msiba, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Kaka alisimama mlangoni akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu asinyamaze, aje kwake yeye mwanawe, atalipa. Sisi wanawake tulimsikia kutoka ndani. Shangazi akasema kwa machozi kwamba Baba ameacha mwanamume. Na mimi nilijisikia fahari, nisiseme uongo.

Siku ya hitma akaja bwana mmoja wa shati jeupe ambaye hatukumfahamu. Hakugusa pilau. Alizunguka nyumba taratibu, akatazama bati, akatazama ukuta wa mpaka na jirani, kisha akaniuliza pale getini kama nyumba hii ni ya marehemu na kama ina hati. Nilipomuuliza yeye ni nani, alitabasamu.

"Sista, mambo ya kufilisika hayana siri. Nenda Mahakama Kuu, kaulize masjala. Kila kitu kipo wazi."

Akanipa pole, akaenda zake. Angekuja na matusi ningemwita Kaka amtoe. Ile adabu yake ndiyo iliyonitisha.

Nikajua anamsema Baba. Nani mwingine? Baba aliuza mchele Buguruni tangu sijazaliwa. Akiazima hata koleo kwa jirani alilirudisha kabla ya jioni, na alikuwa anatugombeza tukinunua vocha ya kukopa. Baba huyo awe amefilisika na asituambie? Lakini wafu hawaulizwi, na sauti ya yule bwana haikunitoka.

Mama sikuweza kumuuliza. Kaka nilimwogopa, maana angesema namchafua Baba na udongo wa kaburi bado mbichi. Isitoshe kikao cha ukoo kilikuwa kimeshamchagua yeye awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao niliusaini mwenyewe, kwa moyo mweupe. Jumatatu hii anakwenda mahakama ya mwanzo kuthibitishwa.

Basi Jumanne nikamwambia Mama naenda Kariakoo kununua nyuzi.

Kabla ya hapo nilijaribu kwa simu. Tovuti ya mahakama ina mahali pa kutafuta shauri kwa jina, ila mtandao ulizunguka mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nikaona bora niende kwa miguu yangu. Mimi mtu ninayepanda juu ya kitanda nikiona mende, nikaingia Mahakama Kuu peke yangu.

Nilikuwa nimeandaa uongo wa kumwambia karani, kwamba nimetumwa na mwanasheria. Haukuhitajika. Dada yule hakuniuliza mimi ni nani wala nataka nini, aliuliza jina la mdaiwa tu. Kumbe mashauri ya kufilisika yeyote anaweza kuyaangalia, mradi ajue jina. Nikamtajia majina mawili, la Baba na la Babu. Akaandika, akasubiri, akageuza skrini upande wangu.

"Limetoka moja. Ni huyu?"

Sisi tunaitwa kwa majina ya baba zetu. Jina la Baba lilikuwepo na jina la Babu lilikuwepo, yamefuatana vilevile kama nilivyoyataja. Ila mbele yake kulikuwa na jina jingine, nalo ni la Kaka.

Nikasema, "Siye huyo."

Kisha nikamwomba anielekeze namna ya kulisoma jalada lake.

Kwa atakayehitaji, ni hivi. Unaandika barua kwa Naibu Msajili ukiomba kuperuzi jalada, unataja namba ya shauri, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapangiwa siku ya kurudi. Unasoma palepale mbele yao, huondoki nalo. Ukitaka nakala unaiomba na kuilipia. Hayo si magumu. Kigumu ni kukaa nyumbani siku ya kusubiri, unamkunia nazi mama yako, na yeye anakuuliza nyuzi ulizonunua ziko wapi.

Jana, Jumatano, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya geti letu nilidhani ni la dalali wa mahakama. Lilikuja la maji, nikakimbilia dirishani. Mahakama haiendi mbio kiasi hicho, najua, lakini moyo hausikii. Nilikuwa namwona Mama katika nguo zake za eda, mwanamke asiyetakiwa kuvuka kizingiti, na watu wanampigia mnada paa lililo juu yake.

Leo nimelisoma jalada.

Kaka alitangazwa kuwa amefilisika kabla Baba hajaanza kuugua. Waliompeleka mahakamani ni watu waliompa saruji na mabati kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe. Duka limefungwa zamani. Ile gari aliyotuambia iko gereji haiko gereji. Hakimu wa Mahakama Kuu, yaani jaji, ameamuru mali zake zote ziwe chini ya mfilisi, mtu wa serikali anayezikusanya na kuwagawia wadai, na amri inasema wazi kwamba hata mali atakayoipata baadaye inaingia humo. Urithi nao umetajwa.

Hesabu ya mirathi yetu haina ugumu. Mama ana thumni yake, moja ya nane, na katika kinachobaki Kaka anachukua mafungu mawili, mimi moja. Maana yake sehemu kubwa ya nyumba hii ilikuwa na wenyewe tangu siku Baba alipokata roho.

Hilo ningelivumilia. Biashara huanguka, na mficha maradhi kifo humuumbua, ningemlaumu kwa kuficha tu. Kilichonitoa jasho ni karatasi ya mwisho, orodha ya mali aliyotakiwa kuiandika mwenyewe kwa kiapo. Vitu vilikuwa vichache. Meza, friji, mizani ya dukani. Halafu kwa mwandiko wake, ule wa kulala upande ambao Baba alikuwa akimtania nao, ameandika: nyumba ya baba yangu, Mbagala, ninayotarajia kuirithi.

Baba alikuwa hai. Alikuwa mzima wa afya, anauza mchele.

Kuna watu walikuwa wanasubiri Baba yangu afe, na hawakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Nililifunga jalada nikamrudishia karani, nikamshukuru, na nikashindwa kuuona mlango ingawa ulikuwa mbele yangu. Akaniambia nikae kwanza ninywe maji.

Kaka amekuja jioni hii, kama kila Alhamisi, na tende za Mama na dawa yake ya presha. Mama kamwombea dua ndefu, kamwambia sasa yeye ndiye baba wa nyumba hii. Kaka akaitikia amina. Mimi nilikuwa nakunja nguo nikaona bora nikaanue na zilizobaki kwenye kamba, maana machozi yalikuwa karibu.

Akanifuata uani. Hata sijafungua mdomo, akaanza yeye.

"Dada'ngu, Jumatatu ikipita salama, nyumba hii naiandika jina lako. Lako na la Mama. Mie sitaki kitu. We usiulize mengi tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliutaka usimamizi. Hakutaka kutudhulumu. Anataka kuipitisha nyumba haraka kabla wadai hawajashtuka, na hajui kwamba mmoja wao alishazunguka ukuta huu siku ya hitma huku yeye anapokea mikono ya pole. Tukifanya hivyo watalifumua jambo lote mahakamani, na fungu la Mama na langu yatakuwa yameingia kwenye ujanja. Atakayejibu ni mimi niliyeandikwa jina.

"Kaka, nimelisoma jalada lako."

Akageuza ndoo akaikalia, mtu mzima na suruali yake safi.

"Lote?"

"Lote. Na ile karatasi ya mali nimeiona."

"Waliniambia niandike kila kitu, hata ninachotegemea. Nikaambiwa naapa." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Niliogopa kiapo, dada'ngu. Wallahi niliogopa kuapa uongo."

"Na Jumatatu? Utaapa nini?"

Nilitaka anikaripie, anifukuze, aniambie mie mdogo nisimwingilie. Kaka yangu aliyenibeba mgongoni mvua zikijaa Mbagala alikuwa anatetemeka mdomo kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikaogopa zaidi, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekuwa haogopi.

Kutoka ndani Mama akaita, "Mbona kimya huko? Mnagombana?"

"Hatugombani, Mama," tukajibu pamoja.

Ameondoka bila kula. Pale getini amenishika bega akasema, "Nisitiri," hilo tu.

Nimekaa nawaza namna ya kumsitiri na sioni. Fungu lake litakwenda, sina ujanja nalo. Lakini akipatikana msimamizi mwingine, Ami kwa mfano, ndugu yake Baba, atakayekwenda kwa mfilisi mchana kweupe na kusema hawa ni warithi na kila mmoja fungu lake ni hili, basi sisi tuna pa kuanzia. Pengine watatukubalia tununue sehemu ya Kaka polepole. Pengine hawatatukubalia. Nikinyamaza, kila mwezi nitakuwa nasikilizia geti mpaka nizeeke.

Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda. Hakimu akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, nitanyanyua mkono, Kaka akiwa amesimama mbele yangu na wajomba wote nyuma yangu, na nitasema sababu kwa sauti. Kesho baada ya swala nitampigia simu kumwambia, asije akalisikia kwa mara ya kwanza pale. Akijitoa mwenyewe kabla, nitamshukuru maisha yangu yote.

Halafu nitarudi hapa, nivue viatu, niingie chumbani kwa Mama, ambaye hawezi hata kutoka nje kidogo akapunge upepo, nimweleze mwanawe aliandika nini Baba akiwa bado anapumua. Ya hakimu nitayaweza. Haya ya Mama, Mungu anisaidie.