Sakafu ya Chui

Mjukuu wangu Rukia,

Pokea salamu zetu za Mishomoroni. Bibi yako goti limempoa, alhamdulillahi, na kuku wake wameanza kutaga.

Waniuliza kwa nini sitaki kuja Nairobi kuwaona wanyama unaowatunza. Ujanani nilimtunza chui wa tajiri mmoja hapa Kisauni, ndani ya kizimba cha saruji cha hatua sita. Kila asubuhi nilikuta amekojolea kuta. Nikimwita mchafu, nikisugua kwa sabuni na dawa mpaka kuta na sakafu zing'ae, na wageni wakinisifu. Yeye akinitazama tu, kisha akaanza upya. Tulishindana hivyo mpaka akafa.

Sasa waniandikia kwamba huko kwenye ua wenu mpana, wenye miti na nyasi, mmefundishwa msisafishe kila mahali kwa siku moja, maana chui huacha harufu ya mkojo wake ili ajue yuko kwake. Umeliandika kama jambo dogo. Wallahi, barua niliikunja hapo hapo.

Hakuwa na kitu kingine duniani, Rukia, na hicho kimoja nilikifuta kila siku kwa mikono hii.

Sitakuja. Lakini wewe ukishika ufagio, mwachie kona moja.

Babu yako