Vifuniko Viwili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo na mguu umepoa. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa adimu.

Uliniuliza maabarani tunafanya nini na mahindi tusiyoyala. Ndani ya mmea kuna protini ndogo zinazobeba elektroni, kama wapagazi. Za jani hufanya kazi kwenye mwanga, za mzizi gizani. Zote zina rangi ya chai kavu; kwa macho huzitofautishi. Tunazitia kwenye vichupa na kuandika jina juu ya kifuniko. Najua utaguna, wewe ambaye tangu ule mkasa wa makopo huandika ubavuni tu.

Mwezi uliopita protini ya mzizi ilifanya kazi ya jani, tena vizuri kuliko jani lenyewe. Mkuu wetu alifurahi, akatangaza matokeo mbele ya wageni. Tuliporudia, hola. Akasema vichupa vimechanganywa, na kwa kuwa aliyeviandika ni mwenzangu wa meza, tunayemwita Redio, akamwambia mkataba wake hautaongezwa. Redio huongea mpaka kuta zichoke, lakini siku hiyo alivua tu koti jeupe, akalikunja, akatoka.

Dada, niliyevichanganya ni mimi. Kwa haraka zangu nilifungua vyote viwili, nikaviweka vifuniko kando kwa kando. Kichupa cha jani kilikuwa kimejaa zaidi. Nilipofunga nikaona kilichojaa kinaitwa mzizi, nikajidanganya kuwa macho yamechoka. Redio alipolaumiwa, siku tisa zilizopita, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikaendelea kuosha vyombo.

Leo asubuhi nimemwambia mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu, "Siku tisa zote ulikuwa wapi?" Redio amerudishwa. Hatima yangu itajulikana Ijumaa. Naona aibu sana.

Na lako pia lipo. Ile siku mama alipomwaga sufuria nzima ya chai yenye chumvi, akakuchapa wewe kwa kuwa kuandika vifuniko vya makopo ya sukari na chumvi ilikuwa kazi yako. Uliviandika sawasawa. Niliyevifunga kwenye makopo yasiyo yake ni mimi, na nilikuona ukilia nikajua kwa nini.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukinijibu nitafurahi. Ukinyamaza nitaelewa, maana mimi nimekunyamazia miaka thelathini.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu